Baiskeli ya mbio kwa fedha kidogo: bei ya muuzaji si bei ya mwisho

MASHINDANO ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025 yalikuwa ya kwanza ya aina yake katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Kwa mfanyabiashara wa mitumba wa Dar es Salaam, habari za namna hiyo zina maana ya sokoni: baiskeli nyembamba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, ambayo zamani ilitupwa nyuma ya zile za mizigo, sasa ina mteja anayeiulizia.

Tatizo ni kwamba mteja huyo mara nyingi ananunua kwa macho. Huona rangi, huona jina kubwa la Ulaya au Japani limeandikwa kwenye fremu, hupatana bei na kuondoka. Wiki mbili baadaye yuko kwa fundi akiulizwa tairi la saizi ambayo hakuna duka la mtaani kwake linaloiuza. Fedha aliyodhani ameokoa imekwisha, na baiskeli bado imeegemea ukuta.

Kanuni ya kwanza kwa mwenye fedha kidogo ni kutenganisha bei ya kununulia na gharama ya kuifikisha baiskeli barabarani. Tuseme mnunuzi ana Sh. 600,000. Anaonyeshwa baiskeli mbili. Ya kwanza inauzwa Sh. 350,000 lakini matairi yamepasuka kwa jua, mnyororo umelegea na meno ya nyuma yamelika. Ya pili inauzwa Sh. 450,000 na iko tayari. Tufanye kwamba matairi mawili yatagharimu Sh. 80,000, mnyororo Sh. 30,000, meno ya nyuma Sh. 40,000, nyaya na raba za breki Sh. 20,000, na ufundi Sh. 20,000. Ile ya "rahisi" imefika Sh. 540,000, yaani imeizidi ya pili kwa Sh. 90,000, na bado kofia ya kujikinga, pampu na tyubu za akiba havijanunuliwa. Msomaji aweke bei za duka lake mwenyewe mahali pa tarakimu hizo. Hesabu ni ileile. Mwenye busara hutenga kiasi cha theluthi moja ya fedha yake kabla hajaanza kupatana.

Fremu ndiyo mtaji wenyewe. Vitu vingine vyote hubadilishwa, lakini fremu isiyomfaa mnunuzi haina dawa. Namna rahisi ya kupima ni kusimama pekupeku, mgongo ukiwa ukutani, kitabu kimebanwa juu kabisa katikati ya miguu, kisha kupima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho kikizidishwa kwa 0.66 hutoa urefu wa bomba la kiti unaokaribia kufaa. Mtu mwenye sentimita 80 anahitaji fremu ya takriban sentimita 53. Kwa fremu za kisasa ambazo bomba la juu limeinama, kipimo hicho hakifuatwi moja kwa moja, na ni afadhali mtu apande na kuona kama anafikia usukani bila kunyoosha mikono kama anayeogelea.

Hapa waingizaji nao wana la kujifunza. Baiskeli nyingi zinazotoka Uholanzi na Ujerumani zilitengenezewa watu warefu. Fremu ya sentimita 60 inaweza kuonekana nzuri kontena linapofunguliwa, lakini wanaoweza kuipanda ni wachache, na bidhaa inayokaa dukani miezi sita ni mtaji uliolala. Mnunuzi mrefu, kwa upande wake, ajue kwamba yeye ndiye mwenye nguvu ya kupatana.

Kuhusu madini ya fremu, kuna chuma, alumini na kaboni. Chuma ni kizito kidogo lakini kikipasuka huungwa. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, ila kuiunga kunahitaji fundi wa pekee na mara nyingi hakulipi. Kaboni iliyotumika, kwa mtu wa fedha kidogo, iachwe. Ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi, na uma wa mbele ukikatika kwenye mteremko hakuna atakayerudishiwa fedha zake. Kwa fremu yoyote, zipitishwe vidole chini ya bomba karibu na shingo ya usukani na kuzunguka mahali pa pedeli. Rangi iliyojikunja au kupasuka kwa mstari ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu.

Jambo moja ambalo wanunuzi wa pwani hulisahau ni nguzo ya kiti. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, hasa kwenye hewa ya chumvi, hugandana nayo. Muuzaji aombwe alegeze boliti na kuipandisha nguzo mbele ya mnunuzi. Ikikataa, hiyo ni baiskeli ya mtu mwenye urefu uleule wa mwenyewe wa zamani, basi.

Sasa magurudumu, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Tairi la baiskeli za mbio za kisasa huandikwa 700C, na kipimo chake halisi, pale linapokaa kwenye rimu, ni milimita 622. Baiskeli nyingi za zamani za Uingereza na Marekani zilitumia rimu ya inchi 27, ambayo ni milimita 630. Tofauti ni milimita nane tu, jicho halioni, lakini tairi la moja halifai kwa nyingine. Zile za Phoenix na ndugu zake wa India, za inchi 28 kwa moja na nusu, ni milimita 635. Kwa hiyo neno "ishirini na nane" likitamkwa dukani halitoshi. Isomwe tarakimu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 622 inunuliwe, 630 iachwe hata kama fremu inapendeza, isipokuwa mnunuzi ana uhakika wa duka lenye matairi hayo. Aidha, zipo rimu za mashindano ambazo tairi hugundishwa kwa gundi. Hizo hazimfai mtu anayetegemea fundi wa kona.

Upana nao una maana kwa barabara zetu. Tairi la milimita 23 linapenda lami safi. Pembeni mwa barabara kuu kuna mchanga, vipande vya chupa na kingo za lami zilizomeguka, na mwendeshaji ndiko anakosukumwa na daladala. Tairi la milimita 28 linavumilia zaidi, lakini kwanza itazamwe kama lina nafasi ya kupita kati ya breki na fremu. Valvu za matairi haya mara nyingi ni zile nyembamba za Presta, ambazo pampu ya kawaida ya mtaani haiziingii. Kiunganishi kidogo cha shaba huondoa tatizo hilo. Na upepo lazima uwe mwingi. Tairi jembamba lililolegea hupiga rimu kwenye shimo na kutoboa tyubu mara mbili kwa pamoja.

Rimu ya alumini ipendelewe kuliko ya chuma iliyong'arishwa. Wakati wa masika breki huteleza juu ya chuma chenye maji kiasi cha kutisha, na anayeshuka kuelekea makutano hana muda wa kulijua hilo. Hata rimu ya alumini huliwa na raba. Ukuta wake ukiwa umebonyea ndani kama sahani, siku zake zimekaribia.

Idadi ya gia ni mapambo zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Shimano ya Japani, iliyoanzishwa 1921 na ambayo vifaa vyake ndivyo vingi sokoni, imekuwa ikipanga madaraja ya mbio hivi: Claris yenye meno manane nyuma, Sora tisa, Tiagra kumi, kisha 105 iliyofika kumi na moja na baadaye kumi na mbili. Kadiri meno yanavyoongezeka ndivyo mnyororo unavyokuwa mwembamba, wa bei kubwa na wa kutafutwa. Baiskeli ya meno saba au manane hutumia mnyororo mnene wa bei nafuu, na fundi yeyote anayejua kazi ataifunga. Kwa anayeanza, huo ni uchumi mzuri kuliko kujisifu kwa gia ishirini na mbili.

Inafaa pia kutazama mikono ya kubadilishia gia. Ile iliyounganishwa na breki, ambayo Shimano iliileta sokoni mwaka 1990, ni raha kuitumia, lakini ndani yake kuna vidude vidogo vingi na ikiharibika kwa kawaida hubadilishwa yote. Baiskeli za kabla ya hapo zina vishikio viwili vidogo kwenye bomba la chini. Vijana huvidharau. Hata hivyo, vile vya zamani visivyo na "tiki" hufanya kazi na karibu meno yoyote ya nyuma, haviharibiki upesi, na dharau hiyohiyo ndiyo inayoshusha bei yake. Mnunuzi asiyejali kuchekwa atapata mali hapo.

Mnyororo upimwe kwa rula ya chuma, si kwa futi ya fundi cherehani ambayo huvutika. Kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake panatakiwa pawe na inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo ubadilishwe mara moja kabla haujaharibu kingine. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, meno nayo yamekwenda, na mnyororo mpya ukifungwa juu yake utakuwa unaruka. Kipimo hicho cha dakika moja kinaweza kupunguza bei kwa makumi ya maelfu, kwani muuzaji hana la kubishana na rula.

Kuna wanaouliza kama si afadhali kununua mpya ya dukani yenye springi mbele na nyuma kwa fedha hiyohiyo. Springi za bei ya chini huongeza uzito, hunyonya nguvu ya miguu na hazina vipuri. Kama shabaha ni kubeba maziwa, mkaa au kreti za soda, jibu ni Phoenix ya chuma, yenye uzito wa kilo 20 hivi na vipuri kila kijiji. Baiskeli ya mbio ya kuanzia ina kilo kumi au kumi na moja. Ni ya mtu anayekwenda mbali mwenyewe, bila mzigo.

Kwa mfanyabiashara, faida kubwa haiko katika kuuza baiskeli jinsi ilivyoshuka kwenye kontena. Zile mbovu huchinjwa, vipuri vyake vikafufua nyingine, na iliyofungwa mnyororo na matairi mapya huuzwa kwa mteja asiyetaka kuzunguka kwa mafundi. Mteja wa namna hiyo hulipa zaidi na hurudi na rafiki.

Mwisho ni karatasi. Chini ya fremu, mahali pa pedeli, kwa kawaida kuna namba iliyogongwa. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, na kama anayeuza ni mtu wa mtaani asiye na duka, waandikishiane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji akikataa namba isisomwe, au ikionekana imekwanguliwa kwa tupa, mnunuzi arudishe fedha mfukoni na kusubiri kontena jingine.