Ukuta wa Barranco hautaki kifua, wataka mikono

Watu wetu wa pwani wakisikia Kilimanjaro huwaza theluji na baridi tu. Ni wachache wajuao kwamba apandaye kwa njia ya Machame, kabla hajafika huko kwenye barafu, hukutana na ukuta wa majabali wa kiasi cha mita 257, usio na ngazi wala kamba, na hapana budi auparamie kwa mikono na miguu. Huo ndio ukuta wa Barranco. Mengi yasemwayo juu yake ni ya kuwatisha watu bure, na la kutisha hasa halisemwi.

Kambi ya chini yake i karibu mita 3,900 juu ya bahari, bondeni kwenye miti ya ajabu yenye shina nene kama kinu na vichwa vya majani mfano wa kabeji. Alfajiri ile maji yalikuwa yameganda, mpishi akatupashia ya udhu jikoni. Kibla huko ni karibu kaskazini kamili, basi nilisali theluji ya Kibo ikining'aria upande wa kulia.

Kulipopambazuka, swahibu yangu wa Lamu, ambaye vilima alivyovizoea ni vile vya mchanga vya Shela, aliutazama ukuta akaona watu wamegandamana nao kama sisimizi. Akasema, "Mimi si paka, bwana. Narudi." Na kurudi kungewezekana, kwani njia ya Umbwe yateremka kutoka hapo hapo. Lakini safari yake ingekuwa imekwisha.

Kiongozi wetu, Mchagga wa makamo, hakumbembeleza. Alimwambia asitazame juu wala chini, na asiondoe mkono mpaka miguu yote miwili na mkono wa pili vimeshika imara. Nikamwambia swahibu yangu kuwa hiyo ni kanuni ya mkwezi wa minazi, hata kwao yajulikana. Akacheka kidogo, akaanza.

Pana mahali paitwapo Jiwe la Kubusu. Njia ni nyembamba, nyuma yako ni korongo, nawe huna la kufanya ila kulikumbatia jabali kifua kwa kifua, shavu limegusa mawe. Mkoba mgongoni ndio adui, kwani hukuvuta nyuma. Kiongozi aliichukua mikoba yetu kwanza, kisha akatushika mkono mmoja mmoja.

Sasa lile lisilosemwa. Tulipokuwa tukijishika kwa kucha, wapagazi, au wagumu kama waitwavyo mlimani, walitupita wakiwa na mahema, viti na mitungi ya gesi kichwani. Mzigo ulioruhusiwa ni kilo 20, na mkono mmoja ni wa kuushikilia, hivyo jabali hubakiwa na mkono mmoja tu. Jiwe likiwa na barafu ya asubuhi, mguu mmoja ukiteleza, basi. Mgeni anapaswa kujibanza upande wa mlima, awaachie njia. Niliona wengine wakisimama katikati wapigwe picha, nikaona haya kwa niaba yao. Cheti cha kileleni huandikwa jina la mpandaji. La aliyembebea hema halimo.

Jambo hili lina asili yake kwetu. Rebmann alipoiona theluji ile mwaka 1848, alitoka Rabai akiongozwa na Mswahili, Bwana Kheri, pamoja na wapagazi. Kiongozi wake alikiita kile cheupe "baridi" tu. Huko Ulaya mabingwa wa jiografia kama Cooley walikataa kuamini kuwa pana theluji karibu na ikweta.

Tulifika juu, kama mita 4,200, baada ya karibu saa mbili. Swahibu yangu alitoa haluwa aliyoibeba tangu Lamu, imekuwa ngumu kwa baridi, akawagawia wagumu kwanza. Kisha tukateremka bonde la Karanga kwenye maji ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu, na mteremko ule, kwa kauli yake, ulimtesa magoti kuliko ukuta wenyewe.