Yangambi si jina la diploma tu: bandari, mbegu na msitu wa kutembelea

Wenzangu, kila likizo ikikaribia swali ni lilelile: twende wapi? Wenye franka wanataja Goma, wakaone ziwa. Wengine wanabaki Kisangani wanapiga picha Wagenia mara ya kumi. Yangambi hakuna anayeitaja, na wengi wetu tuna diploma yenye jina hilo! Tulisomea Kisangani, kwa sababu vita vilihamisha mafundisho, jina likabaki kwenye karatasi. Haya maelezo ni ya yule ambaye jina analijua lakini mahali penyewe hapajui.

Yangambi iko karibu kilomita 100 kutoka Kisangani ukiteremka Mto Kongo, ng'ambo ya kuume. Ili kuelewa kwa nini mji mkubwa wa uchunguzi ulijengwa katikati ya msitu, anza na mto. Kutoka Kinshasa meli inapanda karibu kilomita 1,700 bila kukutana na maporomoko hata moja, mpaka Kisangani. Pale yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, na meli haipiti tena. Ndiyo maana Stanley aliacha kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari mwezi wa 12, 1883. Ndiyo maana Tippu Tip na watu wake kutoka pwani walijikita palepale, mpaka mwaka 1887 Mfalme Leopold akamfanya gavana wa Stanley Falls. Kiswahili tunachoongea hapa kilifika pamoja na msafara ule. Na reli ya kwenda Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, sababu yake ni ileile: kuzunguka maporomoko.

Anayependa habari za vita vya majini asiangalie Kisangani, aangalie Basoko, chini zaidi, pale Aruwimi inapoingia katika Kongo. Tarehe 1 Februari 1877 watu wa pale walitoka na mitumbwi mikubwa ya vita kumzuia Stanley. Bunduki ndizo zilizoamua, na baadaye Dola Huru ikajenga kambi ya askari palepale. Katika vitabu vingi tunasoma habari hiyo kutoka kwa mtu mmoja tu, yule aliyekuwa na bunduki.

Turudi Yangambi. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya uchunguzi wa kilimo ya koloni nzima, na makao yake makuu wakayaweka hapa. Mvua ni ya kutosha, msitu upo, na meli inashusha mashine na kupakia mbegu. Kilichotoka hapa kimezunguka dunia kuliko sisi wenyewe.

Chukua mchikichi. Kuna aina ya dura, ambayo kokwa yake ina ganda nene na nyama ni kidogo. Kuna pisifera, haina ganda, lakini mara nyingi haizai matunda vizuri. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wakifanya kazi Yangambi, walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba unene wa ganda unarithiwa kwa kanuni rahisi: ukizalisha dura na pisifera unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi zaidi. Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanategemea kanuni hiyo, na damu ya Yangambi imo katika mbegu zao. Halafu sisi tunanunua mafuta ya chupa kutoka nje. Haya, nisiende mbali.

Kuna pia ndizi. Mkulima wa mbali anaweza kuwa na ndizi inayoitwa Yangambi Km 5 bila kujua kwamba ni kilomita ya tano ya barabara yetu. Inapendwa kwa sababu inastahimili ule ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Hata maneno ambayo wataalamu wanatumia kupanga misitu na savana za Afrika yalijadiliwa hapa, kwenye mkutano wa mwaka 1956.

Lakini tusisome habari hii kama hadithi ya malaika. Tangu amri ya tarehe 1 Julai 1885, ardhi iliyoitwa «tupu» ilikuwa mali ya Dola. Kwa Waturumbu, wenyeji wa nchi kavu, ardhi hiyo haikuwa tupu hata kidogo: kulikuwa na mashamba yaliyopumzishwa, makaburi, njia za kuwinda. Ukienda kutembea, wewe ni mgeni kwao kwanza, na mgeni wa serikali baadaye.

Sasa, utaona nini? Kwanza mto wenyewe. Ukienda kwa balenyere kutoka Kisangani utachelewa, lakini utaona Walokele wakivua na kuuza samaki kutoka mtumbwini. Hao ndio watu wa ngoma ya mbao inayosema maneno. Mmisionari John Carrington aliishi kati yao Yakusu, akaandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Ukienda kwa moto utafika haraka zaidi, ila lazima kuvuka mto Lindi, na mvua ikinyesha barabara inakuwa jambo lingine kabisa.

Ukifika, tembea kwenye ukingo wa juu wenye nyumba za zamani zinazotazama mto. Jioni mahali hapo ni pazuri sana, hata kama paa nyingi zimechoka. Halafu omba ruhusa INERA, iliyorithi INEAC, ukaone hebariamu: mimea iliyokaushwa karibu 150,000, kila mmoja na karatasi yake, jina na mahali ulipochumwa. Kwa mwanafunzi wa agronomia au biolojia, saa mbili ndani ya chumba kile ni sawa na muhula mzima. Unyevu na wadudu ndio maadui wake wakubwa. Mmea uliochumwa mwaka 1937 mahali ambapo msitu umeshakatwa hauwezi kuchumwa tena, na ndiyo sababu nasema TFC moja juu ya hebariamu hii inafaa kuliko kumi za kunakili intaneti.

Nje kuna hifadhi ya baiosfea, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1976, na tangu mwaka 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa ya kaboni ambayo msitu unavuta na kutoa. Ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika bonde lote la Kongo. Kabla yake, dunia ilikuwa inakadiria msitu wetu kwa vipimo vya Amazon.

Hoteli kubwa usitafute. Beba chandarua, dawa, betri ya simu na hela za mkononi. Tafuta mwongozaji kijijini na umlipe, si kumpa asante tu. Chakula hutakosa: lituma, pondu, samaki wa siku hiyohiyo, na msimu ukiwa wake, mbinzo. Ukiwa na barua ya fakilte yako mlango wa hebariamu unafunguka upesi zaidi, kwa hiyo iombe kabla sekretarieti haijafunga kwa likizo.