Kura Isiyojumlishika Kituoni

Machi 2022 jimbo la Alaska lilifiwa na mbunge wake pekee katika Bunge la Wawakilishi la Marekani, Don Young, aliyeshikilia kiti hicho kwa miaka 49. Uchaguzi mdogo wa kumrithi ulifanyika Agosti 16. Ulikuwa wa kwanza jimboni humo ambapo mpiga kura hakuishia kuchagua jina moja. Aliwapanga wagombea: huyu ndiye wangu, akitolewa kura yangu apewe yule, na yule naye akitolewa iende kwa huyu wa tatu.

Kwenye karatasi walikuwapo watatu. Mary Peltola alikuwa wa chama cha Democratic. Wawili walikuwa wa Republican: Sarah Palin, gavana wa zamani aliyewahi kugombea umakamu wa rais, na Nick Begich. Majina machache yaliyoandikwa kwa mkono yalipokwisha kuondolewa, Peltola alikuwa na kura 75,799, Palin 58,973 na Begich 53,810. Kwa utaratibu wa mwenye nyingi ndiye mshindi, kazi ingekuwa imekwisha hapo. Lakini sheria mpya ilitaka zaidi ya nusu, na Peltola alikuwa na asilimia 40 tu. Begich, wa mwisho, akatolewa, na kila karatasi yake ikasomwa upya kuona nani ameandikwa wa pili. Karatasi 27,053 zikaenda kwa Palin, 15,467 kwa Peltola. Nyingine 11,290 hazikuwa na pa kwenda, kwa sababu wenyewe hawakuandika chaguo linalofuata. Peltola akashinda kwa 91,266 dhidi ya 86,026.

Magazeti yakatangaza kwamba amepata asilimia 51.5. Ni sahihi, mradi msomaji ajue ni asilimia 51.5 ya karatasi zilizokuwa bado hai katika raundi ya mwisho. Ukizigawa kura zake kwa karatasi zote 188,582 zilizoanza safari, unapata asilimia 48.4. Hakuna aliyeibiwa: aliyeacha nafasi ya pili wazi ni sawa na asiyerudi kituoni siku ya duru ya pili. Ila wanaoupigia debe utaratibu huu wakisema unahakikisha mshindi wa zaidi ya nusu ya wapiga kura, wanaahidi kisichoweza kuahidiwa.

Lipo jambo jingine ambalo wataalamu wa hesabu za kura walilishikilia sana. Alaska ilichapisha rekodi ya kila karatasi, bila majina, kwa hiyo iliwezekana kuwapambanisha wagombea wawiliwawili. Begich angemshinda Palin wakiwa wao wawili tu. Angemshinda Peltola vilevile. Mtu ambaye wengi walikuwa tayari kumkubali ndiye aliyetolewa wa kwanza, kwa sababu wachache mno walimweka namba moja. Utaratibu huu humlinda mpiga kura wa mgombea mdogo. Mgombea wa katikati, anayependwa kiasi na kila upande, hana ulinzi huo.

Kwa nini basi watu waukimbilie? Msomaji wa Kenya anayekumbuka 1992 hahitaji somo refu. Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takribani asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga wakigawana kura za upinzani. Katiba ya 2010 ikatibu ugonjwa huo kwa sharti la nusu na kura moja, la sivyo watu warudi kwenye foleni. Kupanga wagombea ni dawa ya ugonjwa uleule, isipokuwa duru ya pili inafanyika ndani ya karatasi ileile.

Moi wa Maine, kwa maana hiyo ya hesabu tu, alikuwa Paul LePage. Mwaka 2010 alishinda ugavana kwa asilimia 38 hivi, mgombea binafsi Eliot Cutler akimfuata kwa karibu na yule wa Democratic akiwa wa tatu. Hasira za mwaka ule hazikupoa, na Novemba 2016 wananchi wakapitisha kwa kura ya moja kwa moja sheria ya kupanga wagombea, Maine ikawa mojawapo ya majimbo ya kwanza Marekani kuutumia utaratibu huo jimbo zima.

Mei 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wakatoa maoni kwamba sheria hiyo inagongana na katiba. Katiba ya Maine inasema gavana ni yule mwenye kura nyingi kuliko wengine, basi. Maneno hayo yaliwekwa mwaka 1880, baada ya mgogoro wa kuhesabu kura uliokaribia kumwaga damu mjini Augusta. Kabla ya hapo gavana alitakiwa kupata zaidi ya nusu. Matokeo ya maoni hayo ya majaji ni kichekesho cha kisheria. Leo watu wa Maine wanapanga wagombea wanapomchagua rais wa Marekani na wabunge wa kwenda Washington, na katika kura za mchujo za vyama, hata mchujo wa ugavana. LePage aliporudi kugombea mwaka 2022, uchaguzi wenyewe wa gavana, kiti kilichozaa kelele zote, uliamuliwa kwa utaratibu wa zamani.

Kwangu mimi, hata hivyo, swali zito halipo kwenye katiba wala kwenye hesabu za nusu. Lipo kituoni.

Kenya mwaka 2022 ilikuwa na vituo 46,229, na kila kimoja kilitoa fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, ikapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Kijana mwenye simu na kikokotoo angeweza kukaa kibarazani akajumlisha mwenyewe, kwa sababu kura ya mgombea mmoja kituo hiki ukiijumlisha na yake ya kituo kile unapata jibu. Kura za kupanga haziko hivyo. Msimamizi wa kituo anaweza kukupa hesabu ya chaguo la kwanza, lakini hawezi kuanza kuhamisha karatasi za mtu yeyote mpaka ijulikane nani ametolewa jimbo zima. Akianza mapema, huenda amemtoa mtu aliyekuwa wa mwisho kwake na wa kwanza kwingine kote. Karatasi, au rekodi zake za kompyuta, lazima zikutane mahali pamoja.

Ndiyo maana Maine husafirisha vifaa na karatasi kutoka miji yake midogo hadi Augusta chini ya ulinzi. Alaska, yenye vijiji vingi visivyofikika kwa barabara, ilisubiri siku 15, ikatangaza mshindi Agosti 31. Mahali ambapo watu wanaaminiana, siku 15 ni usumbufu tu. Kwetu, ambako masaa machache ya ukimya kutoka chumba cha kujumlishia kura yanatosha kuzaa uvumi wa kila namna, nisingependa kuwa msemaji wa tume kwa siku hizo. Rekodi zikichapishwa, anayezikagua anahitaji kujua kuandika programu. Uwazi upo, ila umehama kutoka kibarazani.

Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliukataa utaratibu huu. Siku hiyohiyo Alaska iliulizwa kama iufute. Swali lilikuwa la ndiyo au hapana, kwa hiyo lilijumlishwa kwa njia ya kale, kituo kwa kituo, na baada ya kuhesabiwa upya wasiotaka kuufuta walizidi kwa kura 700 na ushei kati ya zaidi ya 320,000. Nick Begich naye, safari hii akiongoza tangu raundi ya kwanza, akamng'oa Peltola.