Nywele za Usoni: Stara Isifiche Maradhi



Liko jambo ambalo wanawake wengi hulizungumza kwa kunong'ona, na wengine hawalizungumzi kabisa: nywele zinazoota kidevuni na juu ya mdomo. Katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera, ambako wengi wetu hujisitiri kwa jilbabu na niqabu, mwanamke aweza kuishi na dhiki hii miaka mingi bila ya jirani yake kujua. Harusi ikikaribia ndipo bibi arusi hujifungia chumbani na wembe wa kuazima, akatoka na kidevu chenye vidonda. Juma hili tumeona tulieleze waziwazi, kwani miili yetu ni amana tuliyopewa na Mola.

Tuanze na dini. Iko hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Masoud (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, inayokemea kutinda nyusi. Wengi wetu tumeisikia, tukadhani kwamba kila unywele wa usoni ni haramu kuuondoa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, ni mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu huku Kaskazini Mashariki na pwani. Yeye ameeleza katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim kwamba mwanamke akiota ndevu au masharubu, si haramu kuyaondoa, bali yapendekezwa. Basi dada mwenye hali hii asijione mkosefu. Mwenye swali kuhusu nyusi na amuulize sheikh wake.

La pili ni kujua nywele hizo zatoka wapi. Malaika, zile nywele laini mno za mwilini, kila mwanamke anazo, na wala si ugonjwa. Lakini nywele nene, nyeusi na ngumu kidevuni zaweza kuwa ishara. Zikiambatana na hedhi isiyo na mpango, chunusi zisizokwisha au mwili kunenepa, huenda ni vifuko vya ovari, hali inayotokana na homoni kupotoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wanawake wenye hali hiyo duniani hawajatambuliwa. Ndiyo hiyo hiyo huchelewesha mimba, kisha mke akasimangwa kwamba ni tasa ilhali dawa ipo. Na nywele zikizuka kwa ghafla katika miezi michache, au sauti ikawa nzito, usingoje: nenda hospitali upimwe damu na upigwe picha ya tumbo.

Sababu nyingine twajiletea wenyewe. Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani na sokoni, baadhi yake huchanganywa na dawa kali za steroidi. Mwenye kuzipaka kila siku huona weupe kwanza. Baadaye ngozi hukonda, mishipa ikaonekana, na nywele zikaanza kuota pale pale alipopaka. Aliyetaka uso laini akaishia kutafuta wembe. Mwenye kuzitumia muda mrefu asiziache wala kuziendeleza kwa kukisia; amwone daktari wa ngozi amwelekeze.

Sasa njia za nyumbani.

Wembe. Osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha nyoa kufuata nywele zinakoelekea. Wembe ni wa mtu mmoja tu, kwani damu kidogo isiyoonekana yaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B. Si kweli kwamba kunyoa kunazidisha nywele: mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alizipima nywele za walionyolewa akakuta hazikuongezeka unene. Zaonekana ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu.

Uzi. Uwe wa pamba, safi, na mpya kwa kila mtu. Anayetinda anawe mikono, wala uzi asiushike kwa meno.

Halawa. Chemsha vikombe 2 vya sukari, robo kikombe ya maji na robo kikombe ya maji ya ndimu kwa moto mdogo hadi mchanganyiko uwe na rangi ya asali. Sukari iliyochemka huunguza kuliko maji, basi iache ipoe hadi iwe vuguvugu, na ijaribu kwanza kifundoni mwa mkono. Paka kidogo, kaza ngozi, kisha vuta upesi kufuata nywele. Usipake penye chunusi, kidonda au chunjua.

Krimu ya kuondoa nywele. Chagua iliyoandikwa kwamba ni ya uso. Ijaribu mkononi, ungoje saa 24, na usizidishe dakika zilizoandikwa.

Ngozi iliyokondeshwa na krimu za weupe isivutwe kwa halawa wala uzi, maana huchunika. Mkasi mdogo watosha. Mwenye kisukari naye ajihadhari na kila kinachojeruhi, kwani kidonda chake huchelewa kupona.

Ukimaliza, osha kwa maji baridi na upake ute wa mshubiri. Siku hiyo epuka singo, marashi na jua kali la Garissa, ili uso usibaki na mabaka. Majani ya mkunazi yaliyosagwa, ambayo Wasomali huyaita qasil, pamoja na manjano, ni ada njema ya kusafisha uso tuliyoirithi kwa mama zetu. Lakini hayang'oi nywele, na ngozi iliyotoka kunyolewa ipumzishwe kwanza.

Tunawausia akina mama: binti akikuficha uso wake, muulize kwa upole, usimcheke. Na enyi waume, mke akitaka kwenda kupimwa, mpeni nauli na maneno mazuri. Stara tumeamrishwa kwa ajili ya mwili; haikuwekwa ili kufunika maradhi.

Allah atujaalie siha njema, na atutunzie binti zetu. Amin.