Kutoka Mahitaji hadi Usanifu: Mfuko wa Kasiterite

Tangu Marekani ilipotunga sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010, ambayo kwayo makampuni yaliyomo katika masoko yake ya hisa yalitakiwa kubainisha asili ya bati na tantalamu yanazotumia, koltani (mawe ya tantalamu) ya Rubaya kule Masisi na kasiterite (mawe ya bati) ya Bisie katika misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, hutakiwa zisafiri na hati zake: mfuko hutiwa lebo yenye nambari karibu na shimo, hutiwa nyingine kwenye ghala la mnunuzi, na kila hatua huandikwa daftarini.

Tuchukulie kwamba mhandisi ameitwa ayahamishie madaftari hayo kwenye simu. Mahitaji anayosomewa ni mepesi: programu ipokee nambari ya lebo, uzito, tarehe na jina la shimo. Akishika hayo tu, atajenga seva moja mjini Goma, ambayo kila simu sharti iiombe idhini kabla ya kuandika neno, naye atasifiwa siku ya maonyesho, maana maonyesho aghalabu hufanyika penye mtandao. Umbo la programu huamuliwa na masharti yanayoizunguka kazi, nayo mwenye kazi hayataji kwa kuwa ameyazoea mno.

Chukua sharti la mtandao: ukikosekana, rekodi haina budi izaliwe ndani ya simu, ijipe utambulisho wake bila kuuliza mjini, kisha isubiri. Hapo huzuka mas'ala mazito: lebo moja ikisomwa na simu mbili zisizoonana, seva iamini ipi? Programu nyingi hubakiza rekodi ya mwisho na kufuta ya kwanza, kanuni inayofaa kwa anwani ya mteja. Ilhali hapa kugongana huko ndiko ushahidi wenyewe wa udanganyifu, na kufuta rekodi moja ni kumsitiri mwizi. Basi daftari la seva liwe la kuongezwa tu, na mwenye kusahihisha kosa aandike rekodi mpya inayoitaja ile ya zamani.

Usanifu nao hujibu. Mnunuzi aliyetaka lebo iliyorudiwa izuiliwe papo hapo hana budi kuambiwa kwamba ghala lisilo na mtandao haliwezi hilo. Uzuiaji uhamie kwenye seva ya Goma. Bashar Nuseibeh aliandika mwaka 2001 kwamba mahitaji na usanifu ni vilele viwili vinavyopandwa kwa zamu, mfano ambao wakazi wa Masisi, majirani wa milima ya Nyamulagira na Nyiragongo, hawahitaji kufasiriwa.

Kisha kuna vita. Waasi wa M23 waliitwaa Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na Machi 2025 wakaingia Walikale. Simu hubadili mikono pamoja na mji. Kwa hiyo napendelea simu isihifadhi kabisa majina ya makarani wanaoandika, bali nambari zao, hata kama wakaguzi watanung'unika.

Hata hivyo, yote hayo hayatoshi: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti lebo zikiuzwa na kufungwa kwenye madini ya kwingine. Programu yaweza kulinganisha uzito ulioandikwa na kadiri ya mazao ya shimo, iwapo yupo aliyetumwa kulipima, na gharama hiyo mara nyingi haimo katika bajeti ya mwenye programu.