Dawati la bima lina kazi kwa vijana wa Mwanza

Mwalimu wa Ukerewe anashuka bandarini Mwanza, tumbo linamsokota, choo kina damu. Maabara inaona mayai ya kichocho, anapewa prazikwanteli, anarudi Nansio. Kwa kuwa ana kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yeye hana deni. Hospitali ndiyo inayobaki na fedha ya kudai, kwa fomu ya madai, Fomu ya 2A na B.

Daktari mwenye foleni hadi mlangoni huandika "kichocho" akapita. Mfuko unataka namba ya ugonjwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, kichocho cha utumbo, kilichozoeleka huku ziwani, ni B65.1, kile cha kibofu ni B65.0. Namba ikigongana na majibu ya maabara, saini ya mgonjwa ikikosekana, au dawa ikiwa haimo kwenye kitita cha mafao, mhakiki wa mfuko anaweza kulikata dai. Dawa imeshamezwa, na hasara ni ya hospitali. Tena namba isiyo sahihi ikiingia kwenye takwimu, wanaopanga dawa za visiwani wanapotoshwa.

Kazi hii ya kuandaa madai kumwachia muuguzi anayetoka zamu ya usiku ni kumwonea. Inahitaji mtu wake, anayesoma mwandiko wa daktari, anayejua kitita, na mwenye ujasiri wa kurudisha faili wodini badala ya kubuni kilichokosekana.

Vijana, kazi ipo. Hospitali ya Bugando inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa tangu 1971, hospitali ya Sekou Toure iko hapo chini mjini, na wilaya za Nyamagana na Ilemela zina vituo binafsi vinavyopokea bima. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wenye kadi wakiongezeka, madai nayo yataongezeka.

Kuhusu masomo, tahadhari. Vyeti vya Marekani vinavyouzwa mtandaoni hufundisha CPT, orodha ya huduma ya huko, ambayo NHIF haiitumii. Anayetaka ajira hapa nchini atafute stashahada ya kumbukumbu za afya, au shahada ya mifumo ya taarifa za afya Chuo Kikuu cha Dodoma. Kabla ya kulipa ada ya chuo cha kati, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kisha uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na kama wanakaa kwenye dawati la madai au wanaishia kupanga mafaili masjala.