Detroit: Uwanja Ulibomolewa, Mashabiki Wakaendelea Kukata Nyasi

Wengi wenu mlioko Marekani mmekwisha kuutazama mchezo wa besiboli, na pengine mmeuona kuwa mrefu, wa polepole, wenye kungoja kwingi kuliko kukimbia. Ninyi mlioko Uingereza, Omani na kwingineko katika Ghuba huenda mnaujua kwa filamu tu. Makala yetu ya leo haitaeleza kanuni zake zote, kwani hilo lingetuchosha sote. Tunataka kujibu swali moja ambalo huwashangaza wageni wa mchezo huu: inakuwaje watu wazima, wenye kazi na familia, wauombolezee uwanja wa mpira uliobomolewa kana kwamba wamefiwa?

Mfano wetu ni mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, kwenye kona zinapokutana barabara mbili ziitwazo Michigan na Trumbull. Mahali hapo palianza kuchezwa besiboli ya kulipwa mwaka 1896.

Hatuna budi kuanza na jambo moja la kanuni, maana bila hilo maombolezo hayo hayaeleweki. Katika besiboli, sehemu ya ndani ya uwanja imepimwa kwa ukali. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni futi 90, yaani kiasi cha mita 27. Kutoka kwa mrushaji hadi pale anaposimama mpigaji mwenye gongo ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na ushei. Lakini ukivuka hapo, ukaelekea nyuma kwenye nyasi, uhuru unaanza. Ukuta uwe umbali gani, uwe mrefu au mfupi, uwe umenyooka au una pembe, hayo kila klabu ilijiamulia. Baadaye yaliwekwa masharti ya umbali wa chini kwa viwanja vipya, ila viwanja vya zamani viliachwa kama vilivyo. Wapenzi wa kriketi wataelewa upesi kuliko wapenzi wa soka.

Na viwanja hivyo vya zamani vilijengwa katikati ya miji, kwenye vipande vya ardhi vilivyobanwa na barabara na nyumba za watu. Fenway Park wa Boston una ukuta wa upande wa kushoto wenye urefu wa zaidi ya mita 11, kwa sababu nyuma yake kuna mtaa na hapakuwa na nafasi ya kuusogeza. Mashabiki huuita Zimwi la Kijani. Mpira ambao kwingine ungedakwa kwa urahisi, huko hugonga ukuta na kurudi. Mpira ambao kwingine ungevuka, huko huzuiwa. Mchezaji wa Boston hujifunza ukuta ule kama nahodha anavyojifunza miamba ya bandari yake. Kwa hiyo uwanja wenyewe unaingia katika mchezo.

Fenway ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912. Siku hiyohiyo, kwenye kona ile ya Detroit, ulifunguliwa uwanja mwingine, Navin Field, makao ya timu ya Detroit Tigers. Mwaka 1938 uliitwa Briggs Stadium, na mwaka 1961 Tiger Stadium. Fenway ungali unatumika hadi leo. Wa Detroit haupo.

Ulikuwa uwanja wa namna gani? Ukuta wa katikati ulikuwa umbali wa futi 440, kiasi cha mita 134, na mlingoti wa bendera ulisimama ndani ya eneo la kuchezea, mchezaji akikimbilia mpira ilimpasa ajihadhari nao. Upande wa kulia, jukwaa la juu lilijitokeza mbele kiasi cha mita 3 kuliko la chini. Mdakaji aliweza kusimama chini akiungoja mpira, halafu akausikia ukitua kwa watazamaji juu ya kichwa chake. Enzi za Ty Cobb, watunza uwanja walikuwa wakimwagilia maji mengi ardhi iliyo mbele ya mpigaji, ili mipira aliyoigusa taratibu ife palepale matopeni. Babe Ruth alivusha mpira nje kwa mara ya 700 katika uwanja huo, mwaka 1934. Na ni hapo, mwaka 1939, Lou Gehrig, akiwa tayari anadhoofika kwa maradhi yaliyokuja kumuua, aliomba asipangwe, baada ya mechi 2,130 mfululizo.

Hata hivyo, ukiwauliza waliokuwa wakienda pale, wengi hawaanzi na Ruth wala Gehrig. Wanaanza na viti. Majukwaa yalishikiliwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji, na aliyeketi nyuma ya nguzo alilazimika kuinamisha shingo mechi nzima. Wenye timu waliitaja kasoro hiyo kila walipodai uwanja mpya. Lakini nguzo hizohizo ndizo zilizowezesha jukwaa la juu kujengwa moja kwa moja juu ya la chini, karibu kabisa na wachezaji. Mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyelipa kiingilio cha bei ndogo aliweza kusikia gongo likigonga mpira. Katika viwanja vilivyofuata nguzo ziliondolewa, vyumba vya matajiri vikawekwa katikati, na viti vya bei nafuu vikasukumwa nyuma na juu. Nguzo ilimziba mmoja. Mpango mpya umewasogeza mbali maelfu. Kwa maoni yetu hapo ndipo lilipo shauri lenyewe, na wanaosema kwamba mashabiki walilia tu kwa kukumbuka utoto wao hawakulitazama vizuri.

Mashabiki wa Detroit hawakulia tu. Mwaka 1987 waliunda chama cha kuutetea uwanja. Tarehe 20 Aprili 1988, siku ulipotimiza miaka 76, watu zaidi ya elfu moja walishikana mikono kuuzunguka, wakaukumbatia. Mashabiki wenye ujuzi wa usanifu walichora mpango wa kuukarabati, ukiwa na vyumba vya kulipia ambavyo wenye timu walivitaka, pasipo kuubomoa, mpango haukupokelewa. Mwaka 1992 wapiga kura wa mji walikataa fedha za umma zisitumike kujenga uwanja mpya. Mwaka 1996 kura ikapigwa tena, na safari hii wakakubali. Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 27 Septemba 1999. Baada ya mechi, kibao cha ardhini anaposimama mpigaji kiling'olewa na kupelekwa katika uwanja mpya, Comerica Park. Aliyetoa maneno ya kuaga ni Ernie Harwell, mtangazaji wa redio aliyeanza kutangaza mechi za Tigers mwaka 1960, ambaye sauti yake ilikuwa imeingia katika majiko, karakana na magari ya Michigan nzima.

Uwanja mtupu ulibaki umesimama karibu miaka tisa. Katika muda huo ulipata kazi moja ya ajabu: ulicheza nafasi ya uwanja mwingine. Filamu ya mwaka 2001 iitwayo 61*, inayosimulia jinsi Roger Maris alivyoivunja rekodi ya Babe Ruth mwaka 1961, ilihitaji Yankee Stadium wa New York kama ulivyokuwa zamani. Lakini uwanja huo ulikuwa umebadilishwa sura miaka ya 1970. Basi Tiger Stadium ukapakwa rangi, ukasaidiwa na kompyuta, ukawa New York kwa muda wa filamu.

Tukitaja filamu, hatuwezi kuipita Field of Dreams ya mwaka 1989. Mkulima wa Iowa anakata mahindi yake na kutengeneza uwanja, na wachezaji waliokwisha kufa wanatokea mahindini wakacheze. Hotuba mashuhuri ya kuusifu mchezo huu inatolewa na James Earl Jones, ambaye nyote mmeisikia sauti yake, kwani ndiye aliyekuwa Mufasa katika filamu ile ya wanyama wenye majina ya Kiswahili. Ni filamu nzuri, na watu wazima huilia. Ila wachezaji wote wanaotoka mahindini ni wazungu, na sifa za zamani zinatiwa kinywani mwa mtu mweusi. Jones mwenyewe alikuwa amecheza mwaka 1976 katika filamu nyingine, Bingo Long, inayohusu timu za Wamarekani Weusi waliofungiwa mlango wa ligi kuu.

Detroit nako mlango huo ulifungwa kwa muda mrefu. Jackie Robinson aliingia ligi kuu, katika timu ya Brooklyn, mwaka 1947; Tigers hawakuwa na mchezaji mweusi hadi 1958, wakawa wa mwisho kasoro timu moja tu, Boston. Wamarekani Weusi wa mji walikuwa na timu yao, Detroit Stars, na kuanzia 1930 ilichezea Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit. Nyota wao, Turkey Stearnes, alifanya kazi katika kiwanda cha Walter Briggs, mwenye Tigers na mwenye jina lililoandikwa juu ya uwanja. Kiwandani alikubalika, uwanjani hakukubalika. Stearnes alikufa mwaka 1979, na jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 2000.

Tiger Stadium ulianza kubomolewa mwaka 2008, kazi ikaisha Septemba 2009, ingawa kikundi cha raia kilijitahidi kukiokoa angalau kipande kimoja cha majukwaa. Ikabaki nyasi, na mlingoti wa bendera. Magugu yakaota hadi kifuani.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2010, kikundi cha mashabiki kikiongozwa na mpeleka barua mmoja kilikuja na mashine zao za kukatia nyasi. Hawakuwa na ruhusa. Mara nyingine polisi waliwafukuza, nao wakarudi. Waling'oa magugu, wakaokota takataka, wakachora mistari upya, na watu wakaanza kuja na watoto wao kurushiana mpira pale alipokimbia Cobb. Waliendelea hivyo kwa miaka kadhaa bila kulipwa hata senti moja.

Mwaka 2018 ulifunguliwa hapo uwanja mdogo wa michezo ya vijana. Umepewa jina la Willie Horton, mchezaji mweusi aliyekulia Detroit, ambaye katika ghasia za Julai 1967 alitoka uwanjani akiwa bado amevaa jezi, akapanda juu ya gari mitaani akiwasihi watu watulie. Watoto wa mji wanacheza hapo, na mlingoti ungalipo. Lakini nyasi si nyasi tena. Limetandikwa zulia la plastiki, jambo ambalo wale wa kujitolea walilipinga na wakashindwa.

Basi walipakia mashine zao wakahamia Hamtramck. Uwanja wa Detroit Stars ulikuwa ungali umesimama, umechakaa, jukwaa lake limefungwa kwa miaka mingi. Wakaanza kukata nyasi huko. Jukwaa lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2022.